Nyuki wa Serikali

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhandisi wa Mkoa alinikuta nje ya ofisi yake hapa Tabora mjini nimevaa viatu vipya vya visigino. Nikamwamkia. Aliitikia marahaba, kisha akauliza kama viatu hivyo vinapanda paa. Mchana huo nilipanda pekupeku, ushungi nimeukaza, mafundi wanaume wakinicheka kutoka chini. Baba yangu alikuwa fundi bati. Mapaa sikuyaogopa hata kidogo.

Serikali ilikuwa ikipeleka umeme wa jua kwenye zahanati za vijijini. Yenyewe ilileta paneli, betri na kidhibiti chaji, yaani kile kifaa kinachozuia betri isijae kupita kiasi. Kijiji kilitengeneza sanduku la kuwekea betri, lenye matundu ya hewa. Zahanati ambayo taa zake hazikuwaka hadi siku ya ukaguzi ilinyang'anywa vifaa.

Kijiji kimoja upande wa Ipole kilikuwa na seremala hodari wa mizinga ya nyuki. Alitengeneza sanduku zuri la mninga, akalipaka nta ndani kama alivyozoea. Tulipofika kufunga betri, nyuki walikuwa wameshahamia.

Niliomba wahamishwe. Mrina asali wa pale, mzee mpole, akakataa. Kwao mtu hagusi mzinga wa mwenzake, na sanduku lile, kwa hesabu yake, lilikuwa la serikali. Nikampigia simu Mhandisi, naye hakuwa na muda wa nyuki.

"Ukaguzi ni keshokutwa," alisema. "Ikishindikana, pakia vifaa vipelekwe zahanati ya Lusu."

Muuguzi wa zahanati alisikia yote. Usiku alikuwa akizalisha kwa tochi ya simu, ameibana kwa meno ili mikono ibaki huru, hawezi kusema neno. Alikwenda tu kusimama mbele ya gari letu, nami nikaona aibu kuu.

Nikamrudia mzee, nikamuuliza inakuwaje mwenye mzinga akiridhia. Akasema hapo hakuna neno.

"Basi nyuki hawa nimekupa," nikamwambia.

Alinitazama kuanzia miguuni hadi kwenye ushungi. "Kwani serikali ni wewe, binti?"

"Leo ni mimi, babu."

Akacheka, akaenda kuleta moshi na mzinga mtupu. Nyuki wakahama, tukakwangua nta, tukafunga betri. Mkaguzi alikuta taa zinawaka. Mhandisi aliposikia nimegawa mali ya serikali, alicheka hadi akavua miwani.

Sasa nimestaafu. Ninyi vijana mna betri zisizoongezwa maji, na mitambo mnaikagua kwa simu mkiwa mmekaa kitako. Nawaonea wivu kidogo, na nafurahi zaidi. Vifaa vikija, shukuruni, halafu mshuke garini mkaongee na watu.

Muda mfupi baada ya ukaguzi, yule muuguzi alinipigia. Nilidhani taa zimezima.

"Zinawaka, dada," alisema. "Nimetoka kuzalisha sasa hivi. Leo nimeongea na mama wa watu mpaka mtoto akatoka."