Mchunga wa Edmonton

Mume wangu alikuwa ndiyo kwanza katoka hospitali na maradhi ya ini, na mama yake, aliyekuja kutoka Pemba kumuuguza, alishikilia kwamba dawa ni mchunga. Sina haki ya kumcheka. Hata mimi nimekuzwa kwa mboga ile chungu, ikitiwa tui, na mgonjwa aliyekataa kila kitu huila.

Asubuhi alikwenda peke yake kwenye majani nyuma ya estate yetu, majumba ya kupanga hapa Edmonton, akarudi na mfuko umejaa. Nilipotoka kazini mboga ilishaiva, mume wangu keshakaa, wali umeshapakuliwa. Kwenye sinki yalibaki mabua na maua aliyoyatupa.

Maua ndiyo yaliyonishitua. Yote manjano, lakini si mamoja. La mchunga ni petali nyembamba tupu mpaka katikati, kama brashi. Mengine yalikuwa na kitufe katikati, petali zimekizunguka. Zamani nilimwona mzee wa Kizungu aking'oa kama hayo malishoni; aliniambia yanaua farasi, yanawaharibu ini. Lakini shule yangu mimi ni ndogo. Pengine lilikuwa ua jingine.

"Usile kwanza," nikamwambia mume wangu.

Mama mkwe akaniuliza, kwa upole uliozidi kiasi, kama nimeona unywele kwenye mboga.

Nikavunja bua lenye ua la brashi. Maziwa meupe yakatoka.

"Mchunga mbona huo," akasema. "Kula, mwanangu. Mkeo keshakuwa daktari."

Nikavunja lenye kitufe. Kavu. Labda limenyauka, nikajiambia. Nikachukua jingine bichi, nikalikamua kwa kucha. Maji tu.

Mume wangu alisema harufu ile imemtia hamu. Tangu arudi hakuwahi kusema hivyo, na nilikaribia kunyamaza.

"Mama, ulipochuma, vidole vilinata?"

Akaitazama mikono yake. Kwetu mchunga huchumwa kwa kucha, na mchumaji hurudi na vidole vyeusi kwa utomvu. Ndivyo tunavyoujua, nani anatazama ua? Hapa, kwa baridi, alivaa glavu za sufu akakata kwa mkasi.

"Sikuugusa," akasema.

Niseme kweli: mwingi katika mfuko ule ulikuwa na maziwa, alipatia. Wala sijui sahani moja ingemfanya nini mwanawe. Lakini sufuriani majani yote yalishakatwakatwa, hayatenganishiki tena.

Aliyemnyang'anya sahani ni mama yake, si mimi. Kijiko kilishafika karibu na mdomo. Akamwaga ile, akamwaga na sufuria, tui lote, akafunga mfuko wa taka kwa fundo.

Mume wangu akaomba wali mtupu. Haukumpita kooni. Mama akaniambia nikaange yai, akanitolea mayai mwenyewe kwenye friji, bila kunitazama.