Kiti Chekundu Kwenye Dirisha la Zelman

Saa mbili asubuhi, Jumatano, Vernell Tolliver anapinda suruali ya mwalimu mmoja wa sekondari katika chumba cha nyuma, ghorofa ya pili ya duka la Zelman. Anaichoma sindano utadhani kitambaa kimemtukana. Ana miaka sabini na mitatu, arobaini na sita kati ya hiyo ameimalizia kwenye cherehani hii, na leo hataki salamu.

"Umeisoma ile kadi?" ananiuliza mimi, mwandishi wa gazeti la mji, kabla sijaketi. "Shuka ukaisome kwanza. Usipoisoma hatuna mazungumzo."

Nashuka. Dirisha la mbele limepambwa kwa ajili ya Jumamosi, siku duka litakapotimiza miaka mia moja. Kuna picha ya mwanzilishi, Mordekai Zelman, Myahudi aliyetoka Lithuania mwaka 1912, akaja hapa kusini mwa Marekani na kupita mashambani mwetu akiuza sindano, vifungo na vitambaa alivyobeba mgongoni. Pembeni kuna kiti chekundu cha ngozi, kile cha kupimia watoto viatu. Kadi iliyoegemezwa juu yake inasema: "Kila mtoto wa Harlow Bend alikaa kwenye kiti hiki."

Nikirudi juu, Vernell ameshaacha kushona.

"Mimi sikukaa," anasema. "Dada zangu hawakukaa. Hakuna mtoto mweusi wa mji huu aliyekaa pale, na mama yako anajua, kamuulize."

Sina haja ya kumuuliza. Mama alishanisimulia.

Kwenye droo ya cherehani, chini ya mikebe ya vifungo, Vernell anatoa karatasi ya kahawia iliyokunjwa mara nne. Imechorwa unyayo wa mtoto kwa penseli. Mama yake, Idella, aliihifadhi ndani ya Biblia mpaka alipofariki.

"Agosti, mwaka hamsini na nane. Nilikuwa na miaka sita, naanza shule. Mama alinisimamisha juu ya karatasi hii akachora mguu wangu, maana sisi kujaribu kiatu ilikuwa marufuku. Unaleta karatasi, muuzaji anaipachika kwenye soli, anakwambia hiki kitakutosha. Unalipa, unaondoka. Kisipotosha, shauri yako. Kiatu kikishaguswa na mguu mweusi hakirudi dukani."

Hakikutosha. Akakivaa mwaka mzima. Anavua raba ya kulia bila aibu na kunionyesha kidole chake kidogo, kilichopanda juu ya mwenzake na kubaki hapo hadi leo.

"Haya, hiyo ndiyo kadi yangu."

Lakini hasira yake haianzii kwenye viatu. Inaanzia kwa bibi yake, Odessa, aliyelima pamba ya watu wengine nje ya mji. Kwa miaka kumi na mitatu Mordekai alitembea nyumba kwa nyumba, na nyumba nyingi za Wazungu zilimfungulia mbwa kwa sababu ya lafudhi yake na dini yake. Odessa alimfungulia mlango. Alimpa kibaraza cha kulala, na kwa kuwa mgeni hakula nguruwe, alimtengea sufuria yake peke yake ya kuchemshia mayai.

"Mpaka mimi nazaliwa, sufuria ile iliitwa ya Mordekai. Ukiitia nyama ya nguruwe unachapwa. Na yeye alikuwa ameshaacha kuja zamani! Ameshakuwa tajiri, ana ghorofa tatu. Mjukuu wa Odessa anafika dukani kwake, anaambiwa lete karatasi."

Anaipiga meza kwa kiganja. Mikasi inaruka.

Hapo anaingia Judith Zelman, mjukuu wa Mordekai na mwenye duka tangu 1994. Ana kikombe cha kahawa mkononi na amesikia kila kitu, maana milango ya humu haifungi vizuri.

"Bi Vernell, ni kadi tu jamani."

"Kama ni kadi tu, itoe."

"Mialiko imeshatoka. Ndugu zangu wanatoka Atlanta. Watu wanakuja kufurahi, hawaji kuhukumiwa."

"Nani kasema wahukumiwe? Andika ukweli halafu wafurahi."

Judith anakitua kikombe. "Babu alikuwa anaogopa. Angemkalisha mtoto mweusi mmoja tu, Wazungu wa mji wangevunja madirisha yote. Na sisi walishatuvunjia mara moja, unajua."

"Najua. Mama ndiye aliyefagia vioo, alipokuwa akifanya usafi humu." Vernell anamtazama bila kupepesa. "Basi andika hivyo, Judith. Andika aliogopa. Hilo nitalielewa, mimi mwenyewe nimeogopa humu ndani miaka mingapi? Ila usiniandike nilikaa, wakati sikukaa."

Judith anachukua kahawa yake na kuondoka. Kadi inabaki dirishani.

"Umesikia nilivyomwita?" Vernell ananiuliza. "Judith. Miaka thelathini nilimwita Bi Judith, yeye ananiita Vernell tupu. Hilo Bi nimeanza kupewa mwezi jana, alipotaka nipige picha kwa ajili ya sherehe."

Nami niseme wazi: nimekasirika kama Vernell. Familia ya Zelman ilikimbia watu waliowachomea nyumba kule Lithuania, ikaja hapa ikapewa mayai na kibaraza. Hiyo ni habari kubwa kuliko kiti chochote, na dirishani haimo.

Kwa mshahara wa dola kumi na mbili kwa saa, Vernell angeweza kuacha kazi leo. Anasema haachi kabla ya Jumamosi. Ameshajishonea gauni la buluu, limetundikwa nyuma ya mlango.

"Saa nne Judith atakata utepe. Nitaingia kwa mlango wa mbele, nipande mle dirishani, niiondoe kadi, nikae. Nitavua kiatu. Karatasi ya mama nitaiweka mapajani. Halafu nitamsubiri Judith alete kipimo, apige magoti, anipime mguu."

Na asipokuja?

Anakata uzi kwa meno. "Mimi nimekaa. Atachagua mwenyewe, anipime au anitoe mbele ya wageni wake." Anaikunjua suruali ya mwalimu na kuikagua pindo. "Wewe njoo mapema. Simama upande wa nje, kioo ni kikubwa, utaona vizuri."