Kiganja cha Karafuu

Juzi mjukuu wangu alifungua pakiti ya karafuu ya unga jikoni mwangu, uso ukanichoma kama niliyezabwa kofi. Pilau yangu Timbwani nzima yaijua, sina wa kunifunza. Lakini harufu hiyo hunirudisha utotoni, siku niliyotamani ardhi ipasuke inimeze.

Wageni wa posa ya dada yangu Mwanasha walikuwa wanakuja kutoka Kisauni. Mama alipika mwenyewe, maana kwetu husemwa binti hupika alivyopika mamake. Sufuria ikiharibika, na posa imeharibika. Karafuu nzima zikawa zimekwisha, dukani iko ya unga tu. Siku zote Mama alitia kiganja kimoja cha karafuu nzima. Basi akatia kiganja kimoja cha unga. Shangazi yetu alipomwambia apunguze, ya unga ni kali zaidi, alijibu kuwa kiganja chake hakijamdanganya tangu aolewe.

Pilau ikatoka nyeusi kama tope la mikoko.

Mimi ndiye niliyeshika birika la kuwanawisha wanawake mikono, kwa hivyo nyuso zote niliziona. Tonge la kwanza, wakatazamana. La pili, mtu akakohoa. Kisha shangazi yake bwana harusi, ulimi wembe yule, akauliza, "Jamani, hii ni pilau ama dawa ya jino?" Wenzake wakaziba vicheko kwa leso. Mama alikuwa uani, ameketi juu ya mbuzi ya nazi, akajifunika uso. Mimi nikalitazama birika, sikuwa na pengine pa kutazama.

Hapo Bi Zuhura, mamake bwana harusi, akaisafisha sahani yake hadi punje ya mwisho, akapaza sauti ifike uani. "Mkwe wangu, nitilie na ukoko."

Alikuwa ameshatuita wakwe, posa imepita. Wengine nao wakala.

Mwanasha akaolewa. Mama naye akashika kuwa Bi Zuhura apenda karafuu kali, na kila Idi akampikia sahani yake mbali, nyeusi vile vile. Mbebaji mimi, navuka feri kisha hadi Kisauni, njia nzima namcheka Bi Zuhura kuwa ulimi wake wa mbao. Alikula mbele yangu, akamaliza, akairudisha sahani na halua ndani.

Mama alipofariki ndipo Mwanasha aliponiambia. Jikoni kwa mkwewe karafuu haikuingia kamwe, ilimchoma tumbo. Kila Idi, nikishageuka mlangoni, alikunywa maziwa akajilaza. Na wote nyumbani aliwakanya: wallahi, mamake Mwanasha asisikie.

Mjukuu nimemwambia, ya unga ni ncha ya kijiko tu. Hayo mengine sikumwambia. Utotoni nilidhani aibu yetu iliisha siku ile, wageni walipoondoka. Kumbe kuna mtu aliendelea kuila aibu hiyo kwa niaba yetu, Idi baada ya Idi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea.