Chupa Alizozipanga Mama Mkwe

Afadhali mnisikie mwenyewe kabla jirani hajawasimulia.

Nauza mafuta ya alizeti kando ya barabara, hapa Singida. Alizeti inatoka shambani kwa mama mkwe, Kintinku. Wenzangu walipoanza kuchanganya na mawese ya bei rahisi, niliwasema sana. Lakini wateja walihamia kwao, mimi nikabaki na nzi. Mwisho nikachanganya nami, nikajiambia biashara ndivyo ilivyo. Ila ya kuwapikia wanangu niliyatenga, safi kabisa.

Shida ni baridi ya Juni, maana mawese huganda. Kila asubuhi nilikuwa naziweka chupa karibu na jiko mpaka mafuta yayeyuke, ndipo nazipeleka mezani.

Juzi mama mkwe alilala kwangu. Nilipoamka, nikakuta ameshanipangia chupa zote nje, kwenye upepo, na anaongea na mteja. Nikatoka mbio na kanga moja kama niliyefumaniwa.

"Shikamoo mama, acha nikupokee."

"Marahaba. Subiri kwanza." Akamgeukia mteja. "Mkwe wangu hachanganyi. Hii alizeti nalima mwenyewe, haigandi hata kuwe na baridi gani. Tazama."

Akaipindua chupa. Mafuta hayakusogea.

Akapindua nyingine, taratibu. Mteja akaondoka bila kuaga. Mama mkwe akairudisha chupa mezani, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Na wajukuu wangu unawapikia haya haya?"

Nilitamani sana jibu langu liwe ndiyo.