Visanduku Tisa vya Zanesville

WASHINGTON, Mei 1946. Saa moja na nusu asubuhi, Emmett Stroud anatundika koti, anakunja mikono ya shati na kutandaza karatasi ndefu kuliko meza yake. Anachonga penseli nyekundu kwa kisu, taratibu, mpaka ncha inakuwa kama sindano. Halafu anaiweka chini bila kuandika kitu. Leo ni siku ya nne anafanya hivyo.

Karatasi hiyo ina mistari kumi na moja. Kila mstari ni kruza moja, zile manowari za ukubwa wa kati zilizotumwa huku na huko vita vizima. Kila kisanduku ni siku moja, kuanzia Desemba 7, 1941 hadi Septemba 2 mwaka jana. Ni visanduku 1,366 kwa kila meli.

Bluu maana yake meli ilikuwa tayari kutumwa. Njano, ilikuwa majaribioni. Nyekundu, ilikuwa gatini, mafundi wako ndani yake. Nyeusi haihitaji maelezo.

"Mzee, hiyo penseli utaimaliza kwa kuichonga," anasema Hazel Kowalczyk kutoka meza ya pili. Ni binti wa miaka ishirini na minne, na karatasi zake zimekwisha tangu wiki iliyopita.

"Niache, binti. Wewe meli zako zote bluu, utadhani hazikwenda vitani."

"Mbili zilizama. Nyeusi haina kazi, unapaka mpaka mwisho wa mstari, basi."

Stroud anacheka puani. Kisha anainamia tena mstari wa saba, wa kruza Zanesville, na uso wake unabadilika.

Ana miaka hamsini na nane. Aliacha shule darasa la sita akaenda kubeba magunia ya makaa, na mpaka leo akisoma hufuata mstari kwa kidole. Analipwa dola thelathini na tatu kwa wiki na anaishi chumba cha kupanga karibu na stesheni, kitanda kimoja, jiko moja la gesi. Mwisho wa Juni ofisi hii ya mbao, ambamo jeshi la majini linahesabu siku za meli zake za vita, itavunjwa na makarani wengi wataambiwa ahsante. Waliowaweka hapo hawatavunjwa. Wao wana ofisi nyingine ya matofali.

Walimwajiri kwa sababu wakati wa vita alikuwa karani wa lango katika gati moja kubwa la kutengeneza manowari huko Philadelphia. Kazi hiyo haikuhitaji shule. Ilihitaji mtu asiyeondoka.

Pale gatini kila fundi alikuwa na kipande cha shaba chenye namba yake. Akipanda melini, anakikabidhi kwa karani. Akishuka, anakichukua na kukitundika kwenye ubao. Kipande cha mwisho kikirudi ubaoni, maana yake hakuna fundi ndani, na karani anatia sahihi hati ya kuiachia meli. Kuanzia saa ile, kwa vitabu vya wakubwa, meli iko tayari.

"Ndiyo ilikuwa desturi," anasema Stroud. "Hawakuuliza kama mzinga unazunguka. Waliuliza ubao umejaa? Umejaa. Haya, bluu."

Zanesville iliingia gatini Februari 1945 ikiwa na mnara wa mizinga uliokwama. Mkubwa wa gati, mtu ambaye Stroud hataki hata kumtaja jina, alikwishaahidi huko juu kwamba Jumatano, Machi 14, meli itatoka. Aliahidi kabla ya kumuuliza fundi hata mmoja. Mafundi mia nne na kumi na wawili wakafanya kazi zamu mbilimbili. Karani wa lango naye akakatazwa kutoka mpaka ubao ujae.

Jumatatu simu ikalia langoni. Ilikuwa hospitali. Mkewe, Verna, aliyekuwa amelazwa kwa homa ya mapafu, alikuwa akimwita.

"Nikamwendea mkubwa. Nikamwambia, bwana, mke wangu ana hali mbaya. Hakuinua hata macho. Akasema, 'Jumatano, Stroud. Jumatano hata ukitaka kulala wiki nzima, lala.'"

Anazungusha penseli vidoleni.

"Ningeweza kuondoka. Watu huniambia nilizuiwa. Lango lile nilikuwa nalo mimi, ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilibaki."

Verna alifariki Jumanne saa tisa mchana. Muuguzi alipiga simu tena, na Stroud akaupokea ujumbe huo mkono mmoja ukiwa umeshika kipande cha shaba cha mtu.

Jumatano saa nne asubuhi ubao ulijaa. Mafundi wote walishuka, wakatundika vipande vyao, wakawasha sigara. Gia ya kuzungushia mnara wa mizinga ilikuwa bado haijafika kutoka kiwandani, na bila hiyo gia hapakuwa na mtu mwenye kazi ya kufanya ndani ya meli.

"Fundi mkuu akaniambia, 'Baba Stroud, usitie sahihi hiyo. Tumeshuka kupumzika tu, gia ikija tunarudi.' Nilimsikia vizuri kabisa. Nikatia sahihi. Bila sahihi wasingeniachia, na mimi nilikuwa na mtu wa kumzika."

Zanesville ilikaa palepale siku tisa zaidi. Mafundi waliporudi ndani, vipande vyao viliandikwa kwa jina la meli ya jirani, maana Zanesville, kwa karatasi, ilikwishaondoka. Mabaharia zaidi ya elfu moja walinyimwa ruhusa ya kushuka kwa sababu hiyohiyo. Walikuwa wanaona taa za mji na wanaandikia wake zao kama walio mbali. Meli iliondoka Ijumaa, Machi 23. Mkubwa wa gati alipewa barua ya pongezi kwa kutimiza ahadi.

Sasa hati ile imefika Washington ndani ya bahasha, na imeangukia meza ya mwenyewe.

Mchana Kamanda Lathrop, msimamizi wa chumba, anapita na kikombe cha kahawa. Kalamu tatu zimejipanga kifuani pake.

"Bwana Stroud, mstari wa saba bado una mapengo."

"Siku tisa, Kamanda. Ni nyekundu hizo. Nilikuwepo."

"Nionyeshe karatasi inayosema nyekundu."

"Karatasi hakuna. Mafundi waliandikwa meli nyingine. Na daftari la meli lenyewe halijaletwa."

Kamanda anaichukua hati, anaigeuza, anaiweka mbele ya Stroud. "Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi unabishana na nani?"

Hazel anaacha kuchapa. Chumba kizima kinajifanya kina kazi.

"Nabishana naye huyo," anasema Stroud, akigusa jina lake kwa kidole. "Alidanganya."

Kamanda anashusha sauti. Anaeleza kama mtu anayemwonea huruma mwenzake, na pengine ni kweli. Hati haibadilishwi kwa mdomo. Aliyeitia sahihi ndiye pekee awezaye kuikanusha, kwa maandishi na kiapo. Lakini karani aliyeapa kwamba aliachia manowari kwa hati ya uongo wakati wa vita, jina lake litawekwa alama. Hataajiriwa tena kwenye gati lolote la serikali, na kazi ya gati ndiyo pekee anayoijua. "Ni visanduku tisa, Bwana Stroud. Katika maelfu. Vipake bluu ukale chakula."

Anaondoka na kahawa yake. Aliyeahidi Jumatano hakuna anayemtaka aape.

"Paka tu, mzee wangu," Hazel ananong'ona. "Nani atahesabu?"

"Mimi nahesabu. Ndiyo kazi waliyonipa."

"Watakufukuza."

"Mwezi ujao wananifukuza hata nikiimba."

Hazel anatazama mlango, kisha anavuta mashine yake ya chapa karibu. "Haya, sema. Mimi nachapa, wewe huna mwandiko. Lakini usiweke matusi."

"Kidogo tu."

"Hata kidogo."

Wanatumia saa nzima kwa ukurasa mmoja. Stroud anamfutisha sentensi moja mara tatu: ile inayosema alitia sahihi kwa sababu ya msiba. Mwishoni anaiacha ikae, fupi, bila jina la Verna. Anapeleka karatasi kwa mwapishaji wa chumba cha chini, anainua mkono, anarudi. Ndipo anaishika penseli nyekundu. Kisanduku cha kwanza kinamchukua muda. Vinane vilivyobaki anavipaka haraka.

Jumamosi atapanda treni kwenda Philadelphia kwa Lorraine, dada wa Verna. Lorraine ndiye aliyekaa kando ya kitanda mpaka mwisho. Mwaka mzima amekuwa akimwandikia shemeji yake kumpa moyo. Barua zake zina jambo moja: kwamba dada yake alikufa bila mume kuwa kando yake, lakini angalau meli ilitoka kwa wakati, na vijana wa watu wakaenda kupigana.

Stroud hajawahi kumjibu.

"Nitamwambia meli haikutoka," anasema, akikunja nakala ya kiapo na kuitia mfuko wa shati. "Nitamwambia na sahihi ni ya nani. Atanifungia mlango, ana haki. Nitakaa pale kwenye ngazi. Saa hii hakuna lango linalonisubiri popote."