Wageni Walioomba Sayari

Mimi ndiye niliyekuwa nikicheza. Naanza na hilo kwa sababu nimelikana kwa miaka minne, mbele ya wakurugenzi wawili, mbele ya dada yangu, na mara moja kwa maandishi. Kila siku ya kazi, saa saba mchana, wenzangu wakishuka kula, mimi nilijifungia kwenye chumba cha seva, nikavaa visikilizio, nikawa nahodha wa sayari ndogo yenye barafu nyingi na watu wachache.

Cheo changu cha mchana kutwa ni mkuu wa mifumo katika kampuni ya programu za kompyuta huko Kagugu, Rwanda. Jengo letu lilipojengwa lilikuwa peke yake kilimani. Sasa limezungukwa na nyumba mpaka dirisha la choo linatazama jiko la mtu, na tunajua leo wanapika nini. Kwa umri, naweza kuwa mama wa nusu ya wafanyakazi. Ndiyo maana nilipoombwa kuandika kanuni za matumizi ya mtandao ofisini, niliandika kwa mkono mzito: "Michezo ni marufuku kwenye mitambo ya kampuni." Nikatia saini. Kisha nikaenda kuangalia kama barafu yangu ilikuwa salama.

Mkurugenzi wetu wa sasa ni kijana aliyekulia Kampala, na Kiswahili chake kina ujasiri zaidi kuliko sarufi. Siku moja aliniita.

"Madam, iko mtu hapa kila siku saa saba anakula intaneti yote. Nataka ujue ni nani."

"Nitachunguza," nikasema.

Nilichunguza kwa miezi mitano. Kila Ijumaa nilimwandikia kwamba uchunguzi unaendelea, mshukiwa ni mjanja, na anaijua mifumo yetu vizuri sana. Katika ripoti zile zote hamna hata neno moja la uongo.

Ugonjwa wenyewe ni wa zamani. Nilizaliwa na kukulia Tanzania, kabla familia yetu haijarudi Rwanda, na maktaba ya shule yetu ya sekondari ilikuwa na rafu moja ya hadithi za safari za angani ambazo hakuna aliyeziazima ila mimi na mchwa. Nilizisoma zote. Zile ambazo mchwa walianzia kurasa za mwisho, nilijitungia mwisho wangu. Kitu kimoja tu kilinikera. Watu wa hadithi zile walivuka nyota mamia, wakatua kwenye sayari ya watu, wakaanza kudai vitu palepale mlangoni. Hawakupiga hodi. Hawakuuliza habari za nyumbani. Safari ya miaka mia na hakuna aliyebeba hata kreti moja ya soda! Nikiwa kidato cha tatu nilishajua kwamba wakati ujao unaandikwa na watu wasio na mashangazi.

Kwa hiyo siku muungano mmoja mkubwa ulipotuandikia ndani ya mchezo kwamba tuwape sayari yetu katika wiki moja, ama sivyo wataichukua, sikushangaa. Kundi letu lina watu watano: mmoja yuko Mwanza, mmoja Bukavu, wawili Bujumbura, na mimi. Hatujawahi kuonana, na tunaandikiana kwa Kiswahili. Wenzangu wanne walitaka tupigane. Tungekwisha kabla ya saa nane. Mimi nikaomba niwajibu wageni, na nikawajibu kama ambavyo angejibu baba yangu mkubwa.

Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba, alikuwa msemaji wa gusaba, ile siku ambayo ukoo wa bwana unakuja kuomba binti. Msemaji wa upande wa binti kazi yake ni kukataa kwa adabu. Anajifanya hawajui wageni. Anawaambia wamekosea njia, binti ameshaposwa kwingine, tena kuna ugomvi wa babu zao ambao haujaisha. Kila mtu pale, hadi watoto, anajua kwamba mwisho atakubali. Utamu uko katika kucheleweshwa. Baba mkubwa aliweza kuwatoa wageni jasho saa tatu nzima na wakaondoka wakimshukuru. Lakini siku hizi watu wanakodi wasemaji wenye maikrofoni na vichekesho vya kukariri, kwa sababu ukumbi una muda wake. Ilikuwa miaka miwili tangu aitwe mara ya mwisho. Alikaa kwake Kabeza, chini ya njia ya ndege, hana wa kumkatalia chochote.

Nikawaandikia wale wageni: "Karibuni. Mnaonekana mmechoka, mmepotea? Hii yetu sidhani kama ndiyo mnayoitafuta. Ni sayari mgonjwa."

Wakauliza: "Inaumwa nini?"

Hapo nikajua nimewanasa. Siku ya pili nikawakumbusha kombora la babu yao lililoangukia maharage yetu. Mchezo ule hauna maharage. Baada ya siku kumi waliandika barua ya kuomba radhi kwa ajili ya maharage. Wiki yao moja ikawa mwezi, na mimi akiba ya maneno ikaniishia. Nikampigia baba mkubwa.

"Shikamoo baba mkubwa. Hivi wageni wakija kuomba, na hutaki kuwapa mapema, ukishamaliza habari ya ugomvi wa babu unawaambia nini?"

Nikasikia ndege ikipita juu ya paa lake. Yeye ndege ikipita hunyamaza, hulishika neno lake mdomoni, na kuliachia ikishatua.

"Wanatoka wapi?" akauliza.

"Mbali sana."

"Watu wenye uwezo?"

"Wanaonekana wanao."

"Yewe!" akasema polepole. Kisha akanifundisha maneno matamu ajabu, nusu saa nzima, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyerudishiwa meno. Mimi nikaandika kila kitu kwenye daftari la ofisi. Sikujiuliza kwa nini alinishukuru.

Nimefika umri wa miaka hamsini na moja bila kuolewa. Mwanamke wa umri huo akimpigia mkuu wa ukoo kuuliza habari za wageni waliokuja kuomba, ukoo haudhani kwamba anafanya utafiti. Nililijua hilo baada ya simu sita, na nililijua kutoka kwa shangazi.

"Wewe msiri wewe! Baba yako mkubwa amekwenda Gisozi kwa maseremala, ameagiza kiti cha msemaji. Chenye mikono! Anasema hawezi kukukatalia wageni akiwa amekalia plastiki."

Jumapili ile nilikwenda Kabeza kusema ukweli. Nilimkuta amesimama mbele ya kioo na koti lake la shughuli. Lilikuwa limepwaya mabegani.

"Nimepungua, ama?" akaniuliza.

"Hapana, baba mkubwa. Koti ndilo limeongezeka."

Akacheka, akakohoa, akajaribu sauti. Jirani akaitikia ng'ambo ya ukuta. Ukweli wangu nikaunywa pamoja na chai. Jumapili iliyofuata hivyo hivyo, na ya tatu pia. Mara tatu nilikuwa nimeshindwa kumkana bwana asiyekuwepo, na kila wiki alizidi kunenepa. Wageni wa kwenye mchezo hawakujua lolote. Wao walikuwa wamefika kwenye mahari: meli tatu za angani. Nikawaambia nitafikiri.

Ndipo ikafika Jumatatu. Tulikuwa kwenye kikao cha wiki, watu kumi na wawili mezani. Mimi, mkuu wa mifumo, ndiye niliyekuwa nimeunganisha simu yangu na spika ya chumba ili tuongee na mteja. Mteja alikata. Kabla sijachomoa chochote, simu ikaita na kujipokea yenyewe, jinsi nilivyoipanga mwenyewe kwa ustadi.

"Mwana wanjye, mwanangu!" Sauti ya baba mkubwa ilijaza chumba kama tangazo la uwanja wa ndege. "Kiti kinakuja Alhamisi. Sasa niambie, hawa watu wa mumeo wanakuja lini?"

Vichwa kumi na kimoja vikainuka.

"Baba mkubwa, niko kikaoni, nita..."

"Umenizungusha majuma matatu. Mimi ni mzee, sina majuma ya kuchezea. Wanakuja ama wameghairi? Kama wameghairi sema, nimwambie seremala akiuze."

Mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe cha kukata. Ningekibonyeza, ningebaki na heshima yangu ya ofisini, na yeye angebaki Kabeza akimsubiri mkwe. Nikaondoa mkono.

"Baba mkubwa, hakuna bwana. Ni mchezo. Wa kompyuta. Nacheza hapa ofisini, saa saba. Wale wageni wanaomba sayari."

Mkurugenzi akaweka kalamu chini. Na ndege ikapita.

Sijawahi kusikia ndege ndefu kama ile. Ilipita ndani ya spika, juu ya meza, juu ya kanuni zangu zilizobandikwa ukutani zikiwa na saini yangu. Watu wote tukangoja itue.

"Kwa hiyo hakuna mkwe," akasema.

"Hakuna. Nisamehe."

"Nilikuwa nimeshamzoea." Akavuta pumzi. "Hiyo sayari ina ng'ombe?"

"Haina. Ina barafu."

"Nyingi?"

"Nyingi sana."

"Na kwa upande wetu anasema nani?"

"Mimi, baba mkubwa. Kwa maneno yako."

"Na waliomba radhi kwa ajili ya babu yao?"

"Kwa maandishi."

Nikasikia kitu kama kicheko kinachokataa kutoka. "Wameweka nini mezani?"

"Meli tatu."

"Tatu!" Spika ikakwaruza. "Kwa barafu yote hiyo? Na wewe ukawaambia nini?"

"Kwamba nitafikiri."

"Umetuaibisha! Msemaji hafikiri mbele ya wageni!"

"Madam," mkurugenzi akasema chinichini, "kweli tatu iko kidogo."

"Huyo ni nani?" akauliza baba mkubwa.

"Ni mkubwa wangu wa kazi."

"Ana akili. Sikiliza, mwana wanjye. Usiwajibu neno tena. Waambie tu kwamba mwenye mji anavaa viatu, atatoka Alhamisi. Na uje na hiyo mashine yako huku, maana kiti chenye mikono hakipandi pikipiki."

Akakata yeye.