Mtoto wa Mbuzi Niliyempindua

Utotoni mwangu, kwenye shamba la mzungu karibu na Rongai ambako baba alifanya kazi ya kuchuma maua ya pareto, nilivunja mwiko mmoja, na kwa miaka mingi sikumwambia mtu. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka minane hivi, msichana mwenye kiherehere ambacho hakikupona mpaka nilipoolewa.

Mbuzi wetu mmoja, mweupe asiye na pembe, alikuwa amezaa. Baba alikuwa ameniahidi kwamba akizaa jike, atakuwa wangu. Akizaa dume, atanenepeshwa achinjwe. Sasa hapo mtoto angengoja vipi? Lakini nyanya yetu, mama yake baba, ambaye tulimwita kogo, alikuwa ametukataza kabisa kumpindua mtoto wa mbuzi au kumchungulia kabla kitovu hakijakauka na kuanguka. Ukimchungulia mapema, alisema, unamchanganya, naye hatajua awe nini.

Nilimpindua asubuhi ile ile, kogo alipoenda mtoni. Nikaona chuchu mbili, nikaamua ni jike, nikarukaruka kwa furaha. Ujinga wangu! Hata dume huzaliwa na chuchu, lakini nani alikuwa amenifundisha?

Miezi michache baadaye mambo yakaenda mrama. Mbuzi wangu alianza kunuka kama beberu na kuwapanda wenzake. Baba akamkagua, akasema ni jike. Mzee Kirui, jirani yetu aliyechunga ng'ombe wa mzungu, akamkagua pia, akasema macho ya baba yameisha, huyo ni dume. Mwishowe wakakubaliana wamngoje akojoe, maana dume hukojoa kwa tumboni na jike hukojoa kwa nyuma. Watu wazima wawili wakasimama uani, mikono mgongoni, wakimngoja mbuzi. Alipobanwa na mkojo, alichuchumaa kama jike, lakini mkojo ukaruka juu namna ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Mzee Kirui alikuna kichwa, akaenda zake bila kuaga.

Kogo alikuwa ameona yote. Alimtazama mbuzi, kisha akatutazama sisi watoto mmoja mmoja.

"Kuna mtu alimpindua huyu mapema," akasema. "Na mkono huo usiguse tumbo la mwenye mimba. Utamharibu mtoto vile vile."

Mama alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Nilificha mikono nyuma ya mgongo. Tangu siku hiyo sikumgusa mama tena. Mimi niliyezoea kulala nimemkumbatia, nikahamia kitanda cha kogo. Mama akiniita nimsaidie kujifunga leso, nilimtuma mdogo wangu. Akinyoosha mkono aniguse kichwa, nilikwepa. Nilimpenda mno, na nilikuwa namkimbia kutwa nzima.

Siku moja mimi na mama tulikuwa tukichambua maharagwe, mimi upande wangu wa karai, yeye upande wake.

"Chebet, nimekukosea nini?" akaniuliza.

Nilitaka kumwambia. Lakini nikisema, kogo angejua, na mtoto akizaliwa vibaya ningetajwa mimi. Nikajibu hakuna kitu. Mama akaendelea na maharagwe.

Mtoto alizaliwa wakati wa kuvuna mahindi. Kogo alipotoka kutangaza kwamba ni msichana, nilimwuliza kama wameangalia vizuri. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikuwa nachekesha. Mtoto alikuwa mzima kabisa. Mbuzi alichinjwa mwezi uliofuata, na kogo hakuonja hata mchuzi.

Baada ya hapo nilianza kumrudia mama kidogo kidogo, lakini yeye alikuwa amekwisha kuacha kuninyooshea mkono.

Nilikuwa na watoto wangu watatu nilipokutana na daktari wa mifugo huko Nakuru, akanieleza kwamba mbuzi wasio na pembe wakipandana, mara nyingine hupata mtoto aliyechanganyika hivyo, jike na dume, na huwa amechanganyika tangu tumboni. Macho ya mtu hayana kazi hapo. Nilicheka njia nzima nikienda kumsimulia mama yote, na kwa nini nilimkwepa.

Mama hakucheka.

"Kumbe ilikuwa mbuzi," akasema. "Mimi nilijua umenichukia. Nikaona nisikulazimishe."

Siwezi kumlaumu kogo, aliyasema aliyoyaamini. Wala siwezi kukilaumu kile kitoto cha miaka minane kilichodhani kinamlinda mama yake. Lakini mama aliishi na swali lile zaidi ya miaka ishirini, na hakuniuliza mara ya pili. Nilisogeza kiti changu, nikakaa karibu naye mpaka jioni.